Kitambi Hakizuii Mtu

Juzi harusini hapa Columbus, sinia za pilau zikiwa bado zinazunguka, shemeji yangu alinishika bega mbele ya meza nzima. "Shemeji, hao vibonge wako hawana kazi. Mpira hawaugusi, mbio hawana, wanasimama tu kumzibia mwenzao. Hata mimi na hiki kitambi wangenilipa." Meza ikacheka, na mimi nikacheka, maana pilau lilikuwa zuri. Ila nimechoka. Nafundisha mpira wa Kimarekani katika shule moja ya sekondari Ohio, upande wa watu wa laini ya mbele, wale watano wanaomkinga kwotabeki (mrusha pasi) asifikiwe na wapinzani. Ni mwaka wa tisa huu, na sijamaliza msimu hata mmoja bila mtu mzima mwenye akili zake kunieleza kuwa kazi yao ni ya gunia la mchanga.

Nikamwambia, twende nje.

Pale maegesho nikamsimamisha hatua tatu mbele ya gari langu, amelipa mgongo. Kazi yako, nikamwambia, nisiguse kitasa cha mlango. Kunisukuma ruksa, kunivuta au kunikumbatia hapana. Mara ya kwanza alinirukia kwa nguvu zote; nikajitoa pembeni, akapita yeye na kitambi chake, nikashika kitasa. Mara ya pili akasimama wima kama mlingoti, miguu pamoja, nikamzunguka. Mara ya tatu alining'ang'ania kanzu ikachanika kwapani. "Adhabu ya kushika, yadi 10 nyuma," nikamwambia, "na kanzu utalipa." Mimi nina miaka 41 na goti bovu. Wale wanaowakimbilia vijana wangu siku ya Ijumaa wana miaka 17 na magoti mapya.

Kinachoniudhi hasa ni neno "wanasimama". Kwenye pasi mtu wa laini hasimami, anarudi nyuma, na anarudi nyuma akiwa ametazama mbele, na hapo ndipo kuna elimu yote. Chukua teko wa kushoto, yule wa mwisho pembeni mwa laini. (Naandika teko kwa e. Kijana mmoja wa Kikongo aliliandika kwa a kwenye fomu ya timu, na mama yake akanipigia simu kuuliza mwanawe anachezeshwa nafasi gani.) Mpira ukitoka mikononi mwa senta, yule wa katikati anayemrudishia kwotabeki mpira, mguu wa nje wa teko unatangulia nyuma, chini chini, unakwaruza nyasi, kama mtu anayetafuta kigoda gizani kwa makalio bila kugeuza shingo. Mguu wa ndani unafuata, lakini haufiki ulipo mwenzake. Miguu ikigusana tu umekwisha, maana kwa nukta hiyo unasimama juu ya kitu kimoja badala ya viwili, na yule mbele yako anaishi kwa kuingoja nukta hiyo. Magoti yamekunjwa, kiuno kimeketi, mgongo haujainama. Kijana akiinama kiunoni badala ya kukunja magoti, mpinzani atamvuta shati mara moja na ataiona nyasi kwa karibu.

Halafu kuna pembe. Ukirudi nyuma haraka mno unaacha mlango wa ndani wazi, na njia ya ndani ndiyo fupi kuliko zote kumfikia kwotabeki. Ukichelewa, jamaa anakukata kwa nje. Unatakiwa ubaki kwenye mstari kati ya mtu unayemwona na mtu usiyemwona, kwa sababu kwotabeki yuko mgongoni kwako, na naye hakai mahali pamoja. Yule anakimbia mbele, wewe unakwenda kinyumenyume, na mnatarajiwa mfike pamoja. Hesabu ya dhuluma hiyo. Kwa bahati ni sekunde mbili na nusu, tatu hivi, kisha mnapanga tena, na mchezo mmoja una makumi ya mara za namna hiyo.

Mikono nitaipitia haraka, ingawa wenzangu hupenda kuihubiri. Iwe ndani ya kifua, vidole gumba juu, usiwe wa kwanza kuirusha bila sababu, maana ukikosa umejifungua mwenyewe. Na ndiyo, tunashika. Anayekwambia mtu wa laini hashiki jezi anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Ujuzi ni kushika ndani ya upana wa kifua na kuachia kabla jamaa hajageuka, ili mwamuzi asione mkono umenyooka na kitambaa kimevutika. Kuna faulo tunazopigiwa ambazo hata baada ya kutazama mkanda mara sita sijui mwamuzi aliona nini. Na kuna nyingine tulizosamehewa, hizo sizisemi.

Unene una faida, sikatai. Lakini mtazame Jordan Mailata, kijana wa Sydney aliyekuwa akicheza raga. Philadelphia Eagles walimchukua mwaka 2018, wa 233 katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa ligi kuu, NFL, akiwa hajawahi kucheza mechi hata moja ya mpira huu. Mwili alikuja nao kamili: mita mbili na ushee, kilo zaidi ya 150. Kama ni kusimama tu, angeanza wiki ile ile. Mechi yake ya kwanza ya ligi ilikuwa 2020. Mgongo ulimsumbua, ni kweli, lakini mwili wenye afya usingekuwa na miguu ile bila miaka ile ya kufundishwa. Februari 2025 akatwaa Super Bowl, yaani ubingwa wa ligi.

Jambo la pili shemeji asiloliona ni kupokezana. Ngome, yaani wapinzani wanaomwinda kwotabeki, inajua mmegawana watu, kwa hiyo inawavuruga: yule wa pembeni anakatiza ndani, wa ndani anazunguka nje nyuma yake. Gadi, anayesimama kati ya senta na teko, na teko mwenyewe wakimng'ang'ania kila mmoja mtu wake, watagongana wenyewe kama bodaboda mbili kwenye kona, na mtu anapita katikati akitembea. Inabidi gadi ampokee wa teko, teko aachie na kumngoja anayekuja, wala hapana muda wa kusema "mchukue". Unahisi kwa bega. Ukimwona jamaa anakimbia ndani kwa mwendo usio wa kawaida, unajua yuko mwingine nyuma yake. Ugenini, kelele zikizidi hata senta hasikii kitu, gadi anachungulia nyuma, anamgusa senta, senta anatikisa kichwa, na wote watano wanaondoka kwa kichwa hicho. Ukiondoka nusu sekunde mapema, adhabu ya yadi 5.

Ndiyo maana sizipendi alama ambazo watu wa nje huwapa watu wa laini. Mkanda unaonyesha nani kapitwa. Hauonyeshi nani alitakiwa awe pale. Mimi mwenyewe, kwa vijana wangu, kwa mipango niliyoipanga kwa mkono wangu, kuna Jumamosi nampa mtu alama mbaya na Jumatatu ananikumbusha kuwa senta alibadilisha ulinzi kabla ya mpira kutoka. Nafuta. Kwa timu nisizozifundisha, nakisia kama shemeji, kwa majivuno zaidi tu.

Kule kaskazini mwa Ohio tulikuwa na Joe Thomas, teko wa kushoto. Cleveland Browns walimchagua wa tatu mwaka 2007, na siku ya kuchaguliwa hakwenda New York kuvaa suti. Alikuwa boti na baba yake wakivua samaki Ziwa Michigan. Tangu mechi yake ya kwanza hakutoka uwanjani. Snepu (kila mara mpira unapotoka kwa senta) 10,363 mfululizo, bila kukosa hata moja, hadi Oktoba 2017 msuli wa mkono ulipokatika mechi na Tennessee Titans. Nyuma yake walipita makwotabeki wapatao 20. Hakucheza mechi ya mtoano hata moja, na msimu ule alioumia timu ilifungwa zote 16. Wakampeleka Canton kwenye ukumbi wa heshima mwaka 2023. Sifa yake kubwa ni idadi ya mara alizokuwepo, kwa sababu nafasi hii haina mabao ya kuhesabu. Alipostaafu alipunguza zaidi ya kilo 20 kwa miezi michache. Ule unene ambao shemeji anaudhani ni uvivu ulikuwa kazi, ya kula bila njaa kila siku kwa miaka.

Sasa lile nisilolijibu vizuri. Mike Webster, senta wa Pittsburgh Steelers, misimu 17 ligini, vikombe vinne vya Super Bowl, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 50. Ubongo wake ndio aliouchunguza Dakta Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, akakuta madhara ya kugongwa kichwa mara kwa mara, na mjadala wa vichwa ukabadilika. Watu hudhani hatari ni kile kishindo kikubwa kinachoonyeshwa tena na tena. Senta hagongwi kikubwa. Anagongwa kidogo, kila snepu. Nimepunguza mazoezi ya kugongana hadi mara moja kwa wiki na nafundisha mikono itangulie kichwa, lakini yule mama wa Kikongo aliponiuliza, "Mwalimu, angekuwa mwanao ungemruhusu?" nilimwambia wangu ana miaka sita. Alinyamaza akinitazama. Alijua nimekwepa.

Shemeji naye kanipigia jana. Mwanawe ana miaka 14, mkubwa kwa umri wake, anataka kuja Jumatatu. Nikamwuliza kama anaweza kuruka kamba.

"Kamba ya nini tena? Si nimekwambia ni mkubwa?"

Nimemwambia amlete. Kamba ninayo.