Ripoti ya Mtoto Isifungiwe Kabatini

Kila shule zikifunguliwa, kituo chetu cha upimaji wa kielimu, EARC, hupokea wazazi wenye lalamiko lilelile: mtoto amechapwa kwa kutotulia, au amerudishwa nyumbani kwa kuwa huziba masikio na kupiga mayowe kengele ikilia. Nikiuliza kama aliwahi kupimwa, naambiwa ndiyo, mwaka juzi. Ripoti ya upimaji je? Iko nyumbani, kabatini. Mwalimu hajaiona.

Naelewa hofu iliyopo. Mzazi anaogopa mtoto atabandikwa jina kisha ahamishiwe shule maalum. Lakini sera ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inasisitiza elimu jumuishi, yaani kusoma pamoja na wenzake katika shule ya kawaida, na ripoti yetu humweleza mwalimu namna ya kumfundisha mtoto huyo. Mwenye disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika) asomewe swali na aruhusiwe kujibu kwa mdomo. Mwenye ADHD (ugumu wa kutulia na kumakinika) aketi mbali na dirisha, apewe hesabu tano, anyooshe miguu, ndipo aongezewe tano nyingine. Mwenye usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na hisi) aambiwe mapema kwamba kengele inakaribia kulia. Hayo hayahitaji bajeti.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Mpe agizo moja, alimalize, ndipo utoe la pili. Chora ratiba ya asubuhi ukutani: mswaki, sare, uji, begi. Kelele za sokoni zikimzidi, mwondoe hapo kwanza; kumkemea kunaongeza kelele. Na jamani, usonji si laana wala matokeo ya malezi mabaya. Tumelisema hili miaka mingi, na bado mama anafika hapa akiwa amelaumiwa na ukoo mzima.

Utaratibu ni huu. Njoo na mtoto, cheti chake cha kuzaliwa, kitabu cha kliniki na madaftari yake ya darasani. Tutamtazama akicheza, akisoma na akifuata maagizo, kisha tutaandika mapendekezo. Nakala moja mpelekee mwalimu mkuu, ili shule iandae mpango wa mafunzo wa mtoto huyo na kuupitia upya nawe kila muhula. Upimaji wetu ni wa kielimu. Utambuzi wa kitabibu hufanywa hospitalini, na usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu una njia yake: tathmini katika hospitali iliyoidhinishwa, kisha maombi kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kadi ya usajili huo hatuitoi sisi, hata ukirudi mara tatu.

Kuhusu adhabu, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumchapa mwanafunzi au kumnyanyasa kiakili. Anayepatikana na hatia hutozwa faini isiyozidi Sh100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kifungu cha 30 kinamhusu mzazi asiyempeleka mtoto shuleni: faini isiyozidi Sh100,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Kwa hiyo kumfungia mtoto chumbani "mpaka atulie" si kumlinda.

Kwa walio na mtoto wa Gredi ya 6, shule huombea muda wa ziada katika KPSEA, mtihani wa kitaifa wa mwisho wa shule ya msingi, wakati wa kusajili watahiniwa. Ukitoa ripoti kabatini Oktoba, utakuwa umechelewa.