Asidi haili kila metali

Lubumbashi husemwa kwamba asidi hula metali yoyote, kwa kuwa viwandani shaba huyeyushwa kwa asidi sulfuriki. Kinachoyeyushwa hapo si shaba tupu. Ni mawe ya kijani, malakiti, ambayo ni kabonati ya shaba.

Jaribu kwa neli tatu za kioo, kila moja na mililita 5 za asidi sulfuriki iliyozimuliwa kwa maji (ukolezi wa moli 1 kwa lita): ya kwanza tia zinki, ya pili unga wa malakiti, ya tatu waya wa shaba. Anayezimua amimine asidi ndani ya maji, polepole, kamwe si maji ndani ya asidi: joto litarusha matone usoni.

Zinki hutoa mapovu ya haidrojeni. Unga wa malakiti nao huchemka, lakini gesi yake ni kaboni dioksidi, na maji hugeuka buluu. Waya wa shaba hukaa kimya. Shaba iko chini ya haidrojeni katika mfuatano wa metali (orodha inayoanza na zile zenye utendaji mkali zaidi), haina nguvu ya kuifukuza kutoka kwenye asidi. Ukiona buluu kidogo, waya ulikuwa na kutu nyeusi. Usugue kwanza kwa msasa. (Asidi nitriki ni habari nyingine: huila shaba kwa kuioksidisha, yaani kuinyang'anya elektroni, na moshi wake wa kahawia ni sumu.)

Sasa tumbukiza msumari safi wa chuma katika yale maji ya buluu. Baada ya dakika chache umevaa koti jekundu: chuma kimeingia majini, shaba imetoka.