Je, wajua? Kwa nini Waitaliano huita kuku huyu "wa mwindaji" ilhali hakuwindwa

Kuku hawindwi. Hukimbizwa uani, akakamatwa, basi. Iweje Waitaliano wawe na mchuzi wa kuku uitwao pollo alla cacciatora, yaani kuku kwa mtindo wa mwindaji?

Jina linahusu upishi, si kuku mwenyewe. Nyama ya porini, kama ya sungura mwitu, haina mafuta mengi, misuli yake imekomaa kwa mbio na harufu yake ni kali. Ukiibandika motoni kwa haraka utatafuna mpaka taya zikuume. Dawa yake ni kuipika polepole kwenye divai au siki, pamoja na kitunguu saumu na rozimari, mmea unaojiotea wenyewe katika nchi za Mediterania. Vyakula vya nyumbani navyo vikapikwa hivyo hivyo. Sungura wa kufugwa hupikwa kwa mtindo huu, na kule Roma mwanakondoo hupikwa kwa siki, rozimari na samaki wadogo wa chumvi waitwao anchovi.

Nyanya je? Hapo ndipo wengi hushangaa. Mchuzi mwekundu tunaouona kwenye picha umekuja baadaye. Nyanya asili yake ni Amerika. Mwaka 1548 kikapu cha nyanya kilifikishwa Pisa kwa mtawala Cosimo de' Medici, na kitabu cha mapishi chenye sosi ya nyanya kilichapishwa Napoli miaka ya 1690 tu. Hata leo katikati ya Italia wapo wanaopika kuku huyu bila nyanya kabisa, na mimi nadhani huyo ndiye aliye karibu zaidi na jina lake.

Ukitaka kumpika nyumbani, chagua mapaja na miguu, uache kidari. Mapaja yana kolajeni nyingi, ile inayofanya nyama iwe ngumu. Ikikaa muda mrefu kwenye joto la kuanzia nyuzi 70 hivi za Selsiasi, hulainika ikageuka jelatini, na mchuzi ukawa mzito bila unga wowote. Kidari hakina kolajeni ya kutosha, kwa hiyo kadiri kinavyochemka ndivyo kinavyokauka.

Vifute vipande vya kuku vizuri kwa kitambaa kabla ya kuvikaanga. Hatua hii watu huiruka, halafu wanalalamika mchuzi hauna ladha. Maji yaliyo juu ya ngozi huzuia joto lisipite nyuzi 100 mpaka yakauke yote, na rangi ya kahawia yenye ile harufu tamu huhitaji zaidi ya hapo. Kaanga kwa mafuta ya zeituni, vipande vichache vichache, bila kuvirundika. Vitoe, kisha kaanga kitunguu maji, karoti na seleri katika sufuria ile ile. Usiioshe! Ukoko ulioshika chini ndio utamu wenyewe. Mimina divai kidogo, ukwangue kwa mwiko mpaka ukoko uyeyuke. Asiyetumia divai aweke supu ya kuku na kijiko kimoja au viwili vya siki. Ule ukali kidogo ndio unaotakiwa.

Rudisha kuku, tia saumu, rozimari, na nyanya za kusaga ukipenda. Uyoga na zeituni nyeusi ni hiari. Funika, moto uwe mdogo, mchuzi utokote taratibu tu. Kuku wa kisasa ataiva kwa dakika 45 hivi. Jogoo wa kienyeji aliyekomaa anaweza kutaka saa mbili, na huyo ndiye mchuzi huu unamfaa hasa, kwa kuwa nyama yake inakaribia ya mwituni kwa ugumu.

Kaskazini mwa Italia humla na polenta, unga wa mahindi uliosongwa kwa maji na chumvi. Mla ugali hatahitaji kuelekezwa jinsi ya kuchovya.