1ms ya kwenye boksi si kasi ya monita yako

Swali la wanunuzi wa monita za gemu ni lilelile kila wiki: "Nichukue hii ya 1ms au ile ya 4ms?" Na jibu ni lilelile: chukua ya 1ms, ina kasi mara nne. Jibu hilo si sahihi, na limewafanya watu wengi waache monita nzuri dukani wakabeba mbaya. Namba hizo mbili ni muda wa mwitikio wa skrini kwa milisekunde (ms), na mara nyingi hazikupimwa kwa njia moja. Na hata zingepimwa kwa njia moja, bado zisingejibu kile anachotaka kujua mnunuzi: kitu kikikatiza mbio kwenye skrini, nitakiona kilivyo au nitaona ukungu?

Kwanza niondoe jambo moja njiani. Ile 1ms haihusiani na muda unaopita kati ya kubofya mausi na risasi kutoka. Huo ni ucheleweshaji wa mnyororo mzima: mausi, prosesa, kadi ya picha, kisha monita mwishoni kabisa. Monita nyingi za gemu za leo huongeza milisekunde chache tu hapo. Televisheni ambayo haijawekwa kwenye hali ya gemu inaweza kuongeza zaidi ya 50. Kwa hiyo anayecheza mpira kwenye TV ya sebuleni na kuona mchezaji wake anachelewa kupiga pasi, aitafute hali ya gemu kwenye menyu kabla hajatoa hela kununua chochote.

Sasa turudi kwenye boksi. Namba hiyo huwa ni moja kati ya vitu viwili: GtG (gray-to-gray, kijivu hadi kijivu) au MPRT (moving picture response time, mwitikio wa picha inayotembea). Ikiwa imeandikwa "1ms" bila kusema ni ipi, ichukulie kama haikuandikwa.

GtG ni muda ambao pikseli, yaani nukta moja ya picha, hutumia kutoka ngazi moja ya kijivu kwenda nyingine. Ngazi zipo 256, kutoka 0 hadi 255, kwa hiyo safari zinazowezekana ni makumi ya maelfu. Mtengenezaji akiandika iliyo fupi kuliko zote hajadanganya, ila hajakwambia kuhusu zile nyingine. Monita moja inaweza kumaliza safari yake bora kwa milisekunde 1 na safari yake mbaya kwa 25, na boksi likaandikwa 1.

Hilo watu wengi wameshalisikia. Linaloniudhi mimi ni la pili, kwa sababu halitajwi: saa haianzi kuhesabu pale safari inapoanza, wala haisimami pale inapoisha. Kwa desturi hupimwa tangu mwanga uliposhapita asilimia 10 ya safari hadi unapofika asilimia 90. Ukisoma haraka unaona vimeachwa vipande viwili vidogo. Fanya hesabu uone. Kwenye monita yenye gama 2.2 (kanuni ya kawaida ya kugeuza ngazi kuwa mwanga), asilimia 10 ya mwanga wa nyeupe ni takriban ngazi ya 90 kati ya 255. Maana yake, katika safari ya kutoka nyeusi kwenda nyeupe, giza lote lililo kati ya 0 na 90 limepitwa kabla saa haijawashwa. Na humo gizani ndimo adui wa kwenye gemu anamojificha, na ndimo paneli za VA, aina mojawapo ya skrini za LCD, zinamokwama. Kipande kigumu kuliko vyote ndicho kilichoachwa nje ya kipimo.

Ndiyo maana wapimaji wanaojitegemea, wanaotumia kihisi cha mwanga na osiloskopu (chombo cha kuchora mawimbi ya umeme), hutoa namba kubwa kuliko za boksini. Wanaanza na kumaliza karibu zaidi na miisho ya safari, na wanapima kwa ngazi za rangi kama jicho linavyoziona, si kwa mwanga ghafi. Lakini lazima nikiri jambo: wapimaji wenyewe hatujakubaliana. Wapo wanaoruhusu kosa la ngazi 5 kabla ya kusimamisha saa, wapo wanaoruhusu 10, na wapo wanaobaki na 10 hadi 90 ili namba zao zifanane na za zamani. Kwa hiyo usichukue wastani wa mpimaji mmoja ukaulinganisha na wa mwingine. Linganisha monita mbili zilizopimwa na mtu yuleyule, kwa njia ileile.

Kuna hila nyingine, nayo inaitwa ovadraivu. Ili pikseli ya LCD iondoke haraka, monita huipa volteji kubwa kuliko inayohitajika kufika inakokwenda. Ni kama kusukuma mkokoteni wenye mzigo: ukiusukuma kwa nguvu zote unaondoka upesi, lakini utapita pale ulipotaka usimame. Pikseli nayo hupitiliza. Ilitakiwa iishie ngazi ya 128, inaruka hadi 160, kisha inarudi. Kwenye gemu utaona ukingo angavu, au wenye rangi isiyohusika, ukifuata nyuma ya kila kinachotembea. Na mara nyingi ile 1ms ya boksini imepatikana kwa ovadraivu iliyofunguliwa hadi mwisho, pale ambapo hakuna anayeweza kucheza kwa raha.

Majina hutofautiana. ASUS huita Trace Free, BenQ huita AMA, LG na Dell huiweka chini ya muda wa mwitikio, na AOC husema tu Overdrive. Karibu zote zina ngazi tatu au zaidi. Anza na ya kati. Ngazi ya juu kabisa, iitwayo "Extreme" au "Faster", karibu kila mara iache. Nasema karibu kila mara kwa sababu zipo chache zilizopangwa vizuri mpaka juu, na pia kwa sababu macho hayafanani: wapo wanaovumilia ukingo angavu lakini mkia wa ukungu unawakera, na wapo walio kinyume chake. Hapo sina kanuni ya kukupa, na anayejifanya anayo anakupa ladha yake.

Ovadraivu hubadilika tabia pale fremu, yaani picha ambazo kompyuta hutoa kila sekunde, zinaposhuka. Tuseme una monita ya Hz 165 (inayobadilisha picha hadi mara 165 kwa sekunde) yenye FreeSync au G-Sync, teknolojia za kuifanya monita ifuate mwendo wa fremu, na kompyuta yako inatoa fremu 60 kwenye gemu nzito. Monita sasa inaonyesha picha mpya kila baada ya milisekunde 16.7 badala ya 6. Ule msukumo uliopangwa kwa milisekunde 6 unaendelea kwa muda mrefu kuliko uliokusudiwa, na pikseli zinapitiliza vibaya. Monita zenye moduli ya G-Sync ya NVIDIA hurekebisha msukumo zenyewe kadiri fremu zinavyobadilika, na nyingine chache hufanya hivyo bila moduli. Nyingi hazifanyi. Basi mwenye kadi ya picha ya wastani aijaribu monita kwenye fremu 60, maana huko ndiko atakakoishi.

Halafu oanisha muda huo wa GtG na Hz, kwa sababu Hz ndizo zinazoweka muda wa mwisho. Hz 60 huipa pikseli milisekunde 16.7 kumaliza safari kabla ya picha inayofuata. Hz 144 huipa 6.9, Hz 240 huipa 4.2, na Hz 360 huipa 2.8. Paneli inayotumia wastani wa 9 ikiuzwa kama Hz 240 haipati nafasi ya kumaliza picha moja kabla haijaletewa ya pili. Utalipia 240, na utaona mchanganyiko wa picha mbili au tatu. Hilo ndilo la kuuliza: je, safari nyingi zinamalizika ndani ya muda wa Hz zake? Paneli ya IPS, aina nyingine ya LCD, yenye wastani halisi wa 5 kwenye Hz 165 inanitosha kabisa, hata kama boksi lake limeandikwa 4ms.

MPRT ni kitu kingine kabisa. Hata pikseli zingekuwa na kasi isiyo na kikomo, bado ungeona ukungu, kwa sababu LCD na OLED (skrini ambayo kila pikseli hutoa mwanga wake yenyewe) huishikilia kila picha pale pale hadi ifuatayo ije, huku jicho lako likiwa tayari limesogea kufuata kitu. Kitu kikitembea pikseli 960 kwa sekunde, kwenye Hz 60 kitaacha ukungu wa upana wa pikseli 16, kwenye Hz 120 pikseli 8, kwenye Hz 240 pikseli 4. Ndiyo maana OLED, ambayo pikseli zake hubadilika kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde, bado ina ukungu ikiwa Hz 60. Ili LCD ya Hz hizi ifike 1ms MPRT, taa ya nyuma lazima izimwe na kuwashwa kwa mipigo mifupi. Gharama yake: mwanga hushuka sana, baadhi ya watu huumwa kichwa, na kwenye monita nyingi FreeSync au G-Sync haifanyi kazi wakati huohuo. Anayecheza Counter-Strike 2 kwa fremu zisizoshuka anaweza kuipenda. Wengine wataiwasha siku ya kwanza tu.

Aina za paneli nitazipitia mbio. TN ina kasi lakini rangi hufifia ukiitazama kwa pembeni, na sioni sababu ya kuinunua leo isipokuwa kwa bei ya chini sana. IPS ndiyo chaguo la kawaida. VA ina weusi mzuri, ila safari zake za gizani zinaweza kupita milisekunde 20, ndipo unapoona mkia mweusi ukiburuzwa. Joto nalo lina sehemu yake, kwani fuwele za kimiminika huzembea kwenye baridi. Asubuhi ya Julai huko Njombe au Limuru, iache VA iwake nusu saa kabla ya kuihukumu. OLED ni bora kwa kasi, ila alama za kudumu za picha isiyosogea ni hatari ya kweli kwa anayeacha ubao wa alama au upau wa kazi wazi kutwa nzima, na nyingine hupepesa gizani fremu zikiyumba.

Kuna nembo mbili za VESA, shirika la viwango vya skrini, zilizotoka 2022 ambazo naziamini kuliko 1ms. AdaptiveSync Display hupima monita ikiwa na mipangilio ya kiwandani, na huweka kikomo cha kupitiliza, kwa hiyo ovadraivu ya kupita kiasi haisaidii kufaulu. ClearMR hutoa namba: 7000, kwa mfano, ina maana ya pikseli safi 65 hadi 75 kwa kila moja yenye ukungu. Ukikosa nembo hizo usiikatae monita. Nyingi nzuri hazikupelekwa kupimwa.

Dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, omba iwashwe. Chukua laptopu yako na kebo ya DisplayPort au HDMI unayoijua, kisha:

1. Weka Hz za juu kwenye mipangilio ya kina ya skrini ya Windows. Mara nyingi huja ikiwa 60, na wapo watu wanaotumia monita ya 144 kwa miezi ikiwa bado 60.
2. Fungua testufo.com na uufuate mchoro kwa macho. Pitia ngazi zote za ovadraivu. Ukungu unaofuata nyuma ni uzembe wa pikseli, ukingo angavu ni kupitiliza.
3. Buruta dirisha la kijivu kizito juu ya nyeusi. Hapa VA mbaya hujionyesha.
4. Shusha Hz hadi 60 na urudie hatua ya pili bila kugusa ovadraivu.
5. Rekodi kwa simu inayotoa fremu 240 kwa sekunde, ili uitazame nyumbani bila muuzaji kukuharakisha.

Kuhusu kebo: HDMI 2.0 inafikisha picha ya 1440p (mistari 1440 ya pikseli) kwenye Hz 144, lakini 4K inaishia Hz 60. 4K ya Hz 120 inahitaji HDMI 2.1 au DisplayPort 1.4. PS5 hutumia VRR (Hz zinazofuata fremu) ya HDMI 2.1, si FreeSync, kwa hiyo monita yenye FreeSync ya HDMI 2.0 haitakupa hiyo.

Kuhusu ukubwa, inchi 27 ya 1080p ina pikseli 82 kwa inchi, na herufi zake zinaonekana kuchongoka. Inchi 24 ya 1080p ina 92, na inchi 27 ya 1440p ina 109.

Na mwenye PS4, ambayo haivuki fremu 60: ile monita ya ofisi iliyotumika, IPS ya inchi 24 yenye Hz 60 na maandishi ya 5ms au 8ms, itakutosha. Iangalie kama ina pikseli zilizokufa, itazame ikiwa nyeusi tupu kuona mwanga unaovuja pembeni, na hakikisha ina HDMI. Hela inayobaki nunua kilinda umeme.