Nuru katika riwaya za distopia: taa iko mikononi mwa nani?

Distopia ni hadithi ya jamii iliyopangwa mpaka ikaharibika: wakubwa wanajua kila kitu, raia hajui lolote, na mwenye kuuliza anatoweka. Kwa Kiswahili zipo kazi zinazopakana na uwanja huo, kama Mzingile ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe. Katika hadithi za aina hii, mwandishi akiwasha taa mara nyingi anazungumzia maarifa, au ukweli uliofichwa.

Maana hiyo haitupi shida sisi tuliokariri "elimu ni mwanga" tangu shule ya msingi. Shida ni kwamba wanafunzi wengi wanaishia hapo. Nuru ni ujuzi, giza ni ujinga, wanahamia swali linalofuata.

Mtu wa Mwanza hana sababu ya kuishia hapo. Usiku usio na mbalamwezi, ukikaa kwenye mawe ya Bwiru, unaona ziwa linawaka kama mji. Ni wavuvi wa dagaa hao. Zamani walibeba karabai, siku hizi wengi wana taa za sola. Dagaa wanaifuata taa, wanajazana chini yake, na wavu unapandishwa. Mbalamwezi ikiwa kali kazi hailipi, kwa kuwa mwanga umetapakaa kote na taa ya mvuvi imepoteza mvuto. Kwa dagaa, taa ile ni mtego.

Distopia inacheza na nuru zote mbili. Ya kwanza ni ile ambayo mhusika anaitafuta mwenyewe. Katika Anthem ya Ayn Rand (1938), watu wamekatazwa hata kusema "mimi". Mfagia barabara mmoja anaiba mishumaa, anajifungia usiku kwenye handaki la kale, anasoma na kufanya majaribio mpaka anavumbua upya taa ya umeme. Anaipeleka kwa baraza la wasomi akitarajia kupongezwa. Wanaingiwa na hofu. Mojawapo ya hoja zao: kitu hicho kitaiua Idara ya Mishumaa! (Aliyewahi kuzungushwa ofisini kwa sababu ya fomu atawatambua watu hawa.) Kwa hiyo taa ile inabeba maarifa, lakini inatuonyesha pia nani ananufaika giza likiendelea.

Nuru ya pili ni ile unayomulikwa. George Orwell, katika 1984, riwaya iliyotoka mwaka 1949, anampa Winston ndoto yenye sauti inayomwahidi kwamba watakutana mahali pasipo na giza. Winston anaipokea kama ahadi ya siku njema zijazo. Mahali penyewe panageuka kuwa Wizara ya Upendo, jengo lisilo na madirisha, ambamo wafungwa wanateswa chini ya taa zisizozimwa, hata hawajui kama ni usiku au mchana. Hapo mwanga umekuwa chombo cha dola. Anayeona ni mlinzi. Mfungwa anaonekana tu. Kwangu mimi hii ndiyo nuru inayotisha kuliko giza lolote la vitabu hivi, maana imevaa nguo za ukweli.

Ndiyo maana swali la kuuliza unapokutana na taa katika riwaya ni nani ameiwasha na nani anaweza kuizima.

Wakati mwingine kitu kimoja kinabadilisha upande katikati ya hadithi. Katika Fahrenheit 451 ya Ray Bradbury (1953), kazi ya Montag ni kuchoma vitabu, na mwanzoni mwanga wa moto unampa raha. Baadaye, akiwa mtoro, anakuta wazee wameuzunguka moto mdogo kando ya reli ya zamani, anashangaa kwamba moto unaweza pia kutoa, si kuchukua tu. Wazee hao wamehifadhi vitabu vichwani. Bradbury amewakabidhi wao maarifa yote, na moto ameuachia kazi ya kuwapasha joto.