Bomba la moshi kwanza, jiko baadaye

Kila mwaka ikifika Mei, baridi inapoanza kushika huku Njombe na Makete, simu yangu haitulii. Wengi wanataka kujua bei ya jiko la kuni lenye bomba. Kabla ya kutaja bei huwa nauliza paa limeezekwa kwa nini, dari ni ya mbao au ya jipsamu, na chumba kina dirisha upande gani. Jiko lenyewe likikosewa hurekebishika kwa udongo siku hiyo hiyo. Njia ya moshi ikikosewa inaunguza nyumba, au inaua watu wakiwa usingizini. Ndiyo maana naipanga kabla sijashika tofali.

Najua kuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Mwenye uwezo wa gesi apikie gesi. Lakini huku juu moto wa kuni haupiki ugali tu, unapasha nyumba joto pia, na mtungi wa gesi haujengwi kwa kazi hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020. Maadamu kuni bado zinawashwa ndani, ziwashwe kwa namna isiyomaliza vifua vya mama na watoto.

Bomba zuri linapanda wima kutoka jikoni hadi juu ya paa. Kila kona unayoliwekea inapunguza mvuto, yaani nguvu ya bomba kuvuta moshi juu, na kukusanya masizi. Wapo wanaopenda kulitoboza ukutani na kulipandisha kwa nje ili wasiguse bati, wakiogopa mvua kuvuja. Kwa baridi yetu bomba la nje hupoa haraka, moshi ndani yake unakuwa mzito, na asubuhi unarudi chumbani badala ya kupanda. Heri upite ndani, karibu na kilele cha paa, bomba likae kwenye joto la nyumba. Juu ya bati litokeze angalau sentimita 90, na kama kuna paa jingine au tangi la maji ndani ya mita 3, bomba lilipite kwa sentimita 60, la sivyo upepo utausukuma moshi chini. Kofia ya mvua iwe pana lakini isibane mdomo.

Bomba la plastiki hata usilifikirie. Mabomba ya zamani ya asbesto, ambayo bado yanauzwa kimyakimya kwenye vyuma chakavu, usiyakate wala usiyapashe moto. Vumbi lake linaharibu mapafu. Kipande kinachotoka jikoni kiwe chuma cheusi kinene. Bomba lililopakwa zinki halifai pale kwenye moto mkali, kwa sababu zinki inayeyuka kwa nyuzi 419 na mvuke wake unaleta homa na kubana kifua.

Sasa dari. Mbao iliyo karibu na bomba haiungui siku ya kwanza wala mwezi wa kwanza. Inakauka taratibu, inageuka kahawia, kisha nyeusi, na kadiri miezi inavyokwenda inashika moto kwa joto dogo zaidi kuliko mwanzo. Ndiyo maana utasikia mtu akisema jiko lilikaa salama misimu miwili kisha nyumba ikaungua ghafla. Bomba la tabaka moja linahitaji sentimita 45 kila upande hadi kwenye kitu chochote kinachoungua. Ukiwa na bomba la sentimita 10, hesabu inakupa tundu la mita 1 kwa mita 1 darini. Wateja wanashtuka wakiona ninavyokata, lakini hapo sipunguzi. Tundu nalifunika kwa bati, na papi, zile mbao nyembamba, zinazopita karibu nazikata na kuzifungia fremu pembeni. Kenchi, fremu ya mbao inayobeba paa, haikatwi kabisa. Bomba likiangukia kwenye kenchi, jiko ndilo linalosogezwa, na unaona sasa kwa nini napanda darini kabla ya kuchora jiko sakafuni. Nafasi iliyobaki kuzunguka bomba usiizibe kwa gunia, sponji au matambara ili kuzuia baridi. Nyumba ya nyasi siitobozi bomba hata nikilipwa mara mbili. Hapo tunajenga jiko la pembeni lenye paa la bati.

Jiko lenyewe nitalipitia kwa haraka. Ndani tumia tofali za kuchoma na udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga. Saruji kwenye chumba cha moto hupasuka na kumeguka. Mawe ya mtoni usiweke, kwa sababu maji yaliyojificha ndani yanageuka mvuke na jiwe linalipuka. Chumba cha moto kiwe na umbo la kiwiko, kuni ziingie kwa ulalo na moto upande wima, umbo lililoenezwa na mbunifu wa majiko Larry Winiarski wa Marekani tangu miaka ya 1980. Moto ukipanda hivyo gesi za kuni zinaungua kabla hazijawa moshi. Kama sakafu ni ya mbao, lijengee msingi wa tofali unaotokeza mbele ya mdomo sentimita 45. Liache likauke wiki 2 au 3, kisha anza na moto mdogo.

Kuni ndizo zinazoamua bomba litakuwaje. Gogo lililokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Moto unatumia nguvu kuyachemsha, moshi unapanda ukiwa baridi, na ukigusa kuta za bomba unaacha lami nyeusi inayowaka. Huku watu wanalaumu kuni za msindano (mti wa paini) kwa lami hiyo na kusifu za mti wa muwati. Mimi nasema lawama iende kwenye unyevu: muwati mbichi unajaza lami, msindano uliokauka vizuri unawaka safi. Pasua kuni kiangazi, zipange juu ya magogo zisiguse ardhi, paa juu na upepo pembeni, zikae miezi 6 hadi 12. Kuni iliyokauka ina nyufa kama miale kwenye ncha, na ukigonganisha mbili zinalia kavu, ko! Mbichi zinatoa mlio mzito uliokufa.

Kabla ya kuwasha, washa karatasi moja chini ya bomba uangalie moshi unakwenda wapi. Ukirudi, bomba ni baridi: ongeza karatasi nyingine na fungua dirisha kidogo mpaka mvuto ushike. Mafuta ya taa na petroli visiguse jiko hili.

Kuna mazoea ya usiku ninayowasihi watu wayaache. Mama mwenye nyumba anaingiza gogo bichi, anaziba mdomo wa jiko kwa bati ili moto ukeshe. Moto unaokosa hewa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na wakati huo huo bomba linapoa na kuacha kuvuta. Gesi inabaki chumbani. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, watu hudhani ni malaria. Kama nyumba nzima inaumwa kichwa kwa pamoja na wakitoka nje wanapata nafuu, tokeni wote, acheni milango wazi, nendeni hospitali na mkawaambie kuwa mlikuwa na moto ndani. Jiko la mkaa linaloingizwa chumbani kwa ajili ya joto linaua kwa njia hiyo hiyo. Moto uzimike kabla ya kulala. Blanketi la pili ni nafuu.

Majivu yana makaa hai yanayokaa hata siku kadhaa. Yawekwe kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje, juu ya udongo, yasiwekwe kwenye boksi wala mfuko wa sandarusi. Mtoto akiungua, mwagie maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20 kisha mpeleke zahanati. Dawa ya meno na unga vinaongeza madhara.

Msimu wa baridi, safisha bomba kila mwezi. Masizi makavu yanayopukutika ni ya kawaida. Ukiona tabaka jeusi linalong'aa, lililoganda kama lami ya barabarani, acha kuwasha na uite fundi. Lami hiyo ikishika moto utasikia mngurumo bombani na joto hupita nyuzi 1,000. Toa watu wote, ziba hewa ya jiko kama unaweza bila kuungua, ita msaada, na usimwage maji ndani: mvuke utakurudia na bomba litapasuka. Likishapoa usiliwashe tena hata kama kwa macho ni zima, mpaka kila kiungo kimefunguliwa, na mbao za darini zimekaguliwa mpaka ndani.