Kuandika meza: maana yake ni nini hasa?

Mtoto wa darasa la tatu akiambiwa na shangazi yake "nenda kaandike meza", anaweza kabisa kwenda kutafuta kalamu. Nimelishuhudia hilo, Tanga, na tulicheka mpaka wali ukapoa. Mtoto mwenyewe hakuwa na kosa. Siku hizi tunasema "andaa meza" au "panga vyombo", na kuandika tumewaachia wenye madaftari.

Kuandika kuna maana pana kuliko herufi. Ni kuweka vitu kwa mpangilio, kila kimoja mahali pake. Ndiyo maana mtu huandikwa kazi, na chakula huandikwa mezani. Jirani yake ni kutandika, yaani kutandaza kitu juu ya kingine: shuka kitandani, mkeka sakafuni, kitambaa mezani. Kwa hiyo mambo yana mfuatano wake: unatandika kitambaa, unaandika meza, watu wanakula, vyombo vinaondolewa, unatandua.

Neno meza lenyewe limetoka kwa Wareno, ambao kwao ni mesa. Hao ndio walioanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. (Halina undugu na kumeza, ingawa ingependeza.) Ila meza kuingia kwenye lugha ni jambo moja, kuingia kwenye kila nyumba ni jingine. Watu waliendelea kula chini, na wengi wetu tunakula chini mpaka leo: mkeka, sinia katikati, kawa ya ukindu juu yake kuzuia nzi. Na sinia nalo lina ufundi. Wali unatandazwa, kitoweo kinawekwa katikati ili asiwepo wa kujipendelea, na kila mtu anakula upande uliomwelekea. Bibi aliyepakua vizuri hakusikia mtu akisema "nisogezee".

Meza ya nyumbani inafuata desturi hiyohiyo. Ukiniuliza kuandika meza ni nini, nitakujibu hivi: ni kupanga chakula na vyombo ili kila aliyeketi akifikie anachokihitaji bila kuinuka wala kumpitishia mwenzake mkono usoni. Maua yanakuja baadaye, na mara nyingi hayaji kabisa.

Nyumba nyingi za mjini zina meza ya watu sita, ya mninga, iliyoletwa na kirikuu kutoka Keko kwa mbwembwe zote, halafu hakuna anayekula hapo. Juu yake kuna kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa kuna kioo, juu ya kioo kuna chombo cha maua ya plastiki. Pembeni kuna pasi, begi la shule, risiti za umeme na chaja isiyojulikana ya nani. Wenyewe wako kwenye makochi, sahani mapajani, macho kwenye runinga. Watu husema ni uvivu. Mimi nadhani sababu ni ndogo zaidi: meza ile inataka kuondolewa vitu dakika kumi kabla haijatumika, na mtu mwenye njaa hana hizo dakika kumi.

Meza ya kila siku basi iwe karibu tayari muda wote. Kwangu kinachobaki pale asubuhi hadi usiku ni trei moja: chumvi, sukari, pilipili, vijiti vya meno, karatasi za kupangusia mikono. Trei ina faida moja kubwa, kwamba unapofuta meza unanyanyua kitu kimoja badala ya vitano. Kwenye kichupa cha chumvi tia punje chache za mchele mkavu. Wakazi wa pwani wanajua chumvi inavyoganda kwa unyevu, na mchele huunyonya unyevu huo.

Kitambaa ni suala la kuchagua adui. Cha plastiki chenye maua kinafutika kwa mpigo mmoja na watoto hawakiwezi, lakini joto la Dar likipanda mikono inanata juu yake kama gundi. Cha pamba kinapendeza na kinafulika, ila cheupe usithubutu, maana binzari haina huruma. Mimi nimeishia kwenye kitenge cha rangi nzito kilichokunjwa kwa urefu na kulazwa katikati ya meza tu. Mbele ya viti nimeweka vikeka vya ukindu, kimoja chini ya kila sahani. Mchuzi ukimwagika unafua kikeka kimoja. Na sufuria ya moto isikae juu ya mbao tupu hata nusu dakika, italiacha lile duara jeupe ambalo wageni wote hulitazama.

Sasa tuandike meza ya jioni ya kawaida. Watu watano, wali, maharage ya nazi, mchicha, samaki wa kukaanga.

Kila mtu anahitaji upana wa kama sentimeta 60, ili viwiko visigombane. Kwa hiyo watatu wanaenea upande mmoja wa meza yenye urefu wa sentimeta 180, lakini kwenye ya 150 watabanana. Sahani isogee ndani upana wa vidole viwili kutoka ukingoni. Kijiko kulia. Kama kuna uma, ukae kushoto, na kisu kulia makali yakitazama sahani. Glasi juu ya kijiko. Siku ya ugali uma ubaki kabatini, kwa sababu hapo kazi ni ya mkono, na kinachotakiwa ni maji vuguvugu, jagi na beseni, ukianza na mgeni au mzee. Mwenye sinki karibu ameokoka.

Hotpoti ya wali inakaa katikati. Maharage kwenye bakuli, na upawa wake uwe ndani tayari. Kachumbari ndiyo watu wengi huikosea: wanaweka bakuli moja kubwa katikati, mikono inapishana juu ya wali. Gawa kwenye visahani viwili, kimoja kila ncha ya meza. Ndimu nazo zikatwe kabisa, mtu asianze kuulizia kisu. Jagi la maji lisogee kwa mtu mzima, mbali na yule wa miaka minne. Kisha kuna kitu ambacho hakionekani kwenye picha zozote za meza nzuri ninazotumiwa: kisahani cha miiba. Samaki ana miiba, na miiba lazima iende mahali. Usipoipa mahali inakwenda pembeni ya sahani, kwenye kitenge, au kwenye trei ya chumvi. Kisahani kimoja kwa kila watu wawili kinatosha.

Baada ya hapo, kama una hamu ya kupamba, pamba. Kipimo changu ni kuketi kwenye kiti na kumtazama aliye mbele yangu. Nikiona maua badala ya uso wake, maua yanahama. Bakuli la maembe au ndizi mbivu linanitosha, maana ni pambo linalolika. Kisahani cha asumini kinapendeza, lakini harufu yake na ya samaki hazielewani, kiwekwe siku ya chai.

Unajuaje kama umeandika vizuri? Hesabu mama wa nyumba, au yeyote aliyepika, ameinuka mara ngapi. Kijiko cha kupakulia hakipo, anainuka. Chumvi, anainuka. Maji, anainuka. Anarudi, samaki wake amepoa, na wenzake wako kwenye sahani ya pili. Tulihesabu kwetu siku moja kwa utani, tukafika saba, utani ukaishia hapo. Siku hizi tumeshuka hadi moja au mbili, na mara nyingi ni kwa ajili ya pilipili ya mtu mmoja ambaye hataki ile ya kwenye trei.

Yule mtoto wa kalamu sasa yuko kidato cha pili na meza ni zamu yake siku za Jumamosi. Vijiko viko sawa, kachumbari imegawanywa, jagi liko kwa baba. Kisahani cha miiba hukisahau kila wiki, na paka wa jirani amekwisha kuizoea siku hiyo.